Mzinga Bunju, Mzinga Chamazi: Sheria ya Nyuki Inapofika Mjini

Ukiuliza Bunju, Mabwepande, Toangoma au Chamazi kama mtu anaruhusiwa kufuga nyuki kwenye kiwanja chake, utapata majibu ya aina mbili. Wapo watakaokuambia nyuki ni wa porini, mjini hawafugwi. Wapo watakaosema hakuna anayefuatilia mambo hayo, tundika mzinga wako unyamaze. Majibu yote mawili si sahihi. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu humwacha mfugaji bila karatasi hata moja siku nyuki wake watakapomvamia mtoto wa jirani.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 mwaka 2002, miaka minne baada ya Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998, na kanuni zake zikatoka 2005. Namba hiyo yenyewe inaeleza mengi, maana inafuatana na Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka huohuo. Zote mbili ziko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na sehemu kubwa ya utekelezaji imekabidhiwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa hiyo nyuki wa Tanzania Bara hawamo kwenye daftari moja na ng'ombe na kuku, tofauti na Kenya, ambako nyuki ni mifugo. Tofauti hii ina maana kwa mwananchi anayeanza. Mkazi wa Temeke akienda kwa bwana mifugo wa kata kuulizia mizinga atapoteza asubuhi yake. Anayepaswa kumwona ni afisa nyuki, na pale asipokuwepo, afisa misitu, kwenye kitengo cha maliasili cha manispaa yake. Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa misitu na nyuki si mambo ya Muungano.

Ndani ya sheria hiyo kuna Mkurugenzi wa Ufugaji Nyuki mwenye mamlaka ya usimamizi, kuna hifadhi za nyuki zinazoweza kutengwa na taifa, na mamlaka za serikali za mitaa na vijiji, na kuna vibali vya kuingiza au kutoa nchini nyuki na mazao yao. Vibali hivyo watu wengi huviona kama urasimu wa bandarini. Historia inasema vingine, na inaanzia kwetu. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na kutoka Tabora, akawapeleka kwao kufanya majaribio ya uzalishaji. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Yakachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwepo, yakasambaa sehemu kubwa ya Amerika Kusini, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umevuka mpaka kuingia Texas. Nchi ambayo malkia zake walikuwa sehemu ya tukio hilo ina kila sababu ya kujali nyuki gani anaingia na yupi anatoka.

Tatizo la mfugaji wa pembezoni mwa Dar es Salaam haliko kwenye vibali hivyo. Liko kwenye picha ya nchi iliyokuwa akilini mwa waandishi wa sheria. Ni picha ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida: msitu wa miombo, mrina asali mwenye mizinga ya magogo, kijiji chenye halmashauri yake na ardhi yake. Ilikuwa picha sahihi. Huko ndiko asali ya nchi hii inakotoka. Tabora ilikuwa na ushirika wa wafugaji nyuki tangu 1962. Serikali ilipokadiria kwamba nchi inaweza kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, hesabu hiyo haikuwa ya miembe ya Mbagala.

Lakini wakati sheria hiyo inapitishwa, Wizara ya Ardhi nayo ilikuwa ikianza Mradi wa Viwanja 20,000 Dar es Salaam. Mashamba ya mikorosho, minazi na miembe ya Bunju, Mivumoni, Kibada na Toangoma yakapimwa, yakawekewa mawe ya mipaka, yakauzwa viwanja. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 mkoani humo. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Nyuki hawakuhama kwa sababu ya mawe ya mipaka. Bado wanatua kwenye dari za nyumba ambazo hazijakamilika, kwenye matangi ya maji yaliyo tupu na kwenye mikorosho michache iliyobakizwa kwa ajili ya kivuli. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kijiji ikajikuta imezungukwa na mtaa.

Hapa pana jambo la kiutawala ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kijiji kina halmashauri inayosimamia ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na inaweza kutunga sheria ndogo. Kijiji kikiamua kutenga eneo la nyuki, kina ardhi ya kutenga na mamlaka ya kuilinda. Mtaa hauna vyote viwili. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa Mabwepande au Chamazi anaweza kukuandikia barua ya utambulisho, kusuluhisha ugomvi na kuitisha mkutano, lakini hawezi kutenga hifadhi ya nyuki wala kutunga sheria ndogo. Mamlaka hayo yako juu, kwenye baraza la madiwani la manispaa, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Kwa hiyo chombo kilicho karibu na mfugaji wa mjini, kinachomjua yeye na jirani yake kwa majina, ndicho kisicho na meno.

Kanuni za Kilimo cha Mijini za 1992 zilijaribu kupanga ufugaji mjini, na mawazo yake yalikuwa kwenye ng'ombe: wasizidi wanne, walishwe bandani, na shamba la mtu mmoja lisizidi ekari tatu. Ng'ombe anahesabika, anafungwa, akivunja uzio anarudishwa kwa kamba. Nyuki mmoja akitoka mzingani anaweza kuruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, kisha akarudi mzinga uleule. Kipimo cha kuzuia ng'ombe hakimfai.

Sasa tuje kwenye usajili wenyewe, maana ndio unaowatia watu hofu. Katika utaratibu wetu, mtu anajikuta kwenye madaftari ya aina tatu, na vurugu nyingi zinatokana na kuyachanganya. La kwanza linamhusu mfugaji: yeye ni nani, ana mizinga mingapi, manzuki yake, yaani eneo la mizinga, iko wapi. Hili ni la halmashauri, kupitia afisa nyuki. La pili linahusu mahali. Ukitaka kutundika mizinga ndani ya msitu wa hifadhi unahitaji ruhusa ya TFS, na ukiingia pori la akiba kama Pande, hapo jirani na Mabwepande, umeingia kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambako kuonekana tu bila kibali ni kosa. La tatu linahusu mali: asali ikishaingia chupani ikawa bidhaa, inageuka chakula, na chakula kina wenyewe.

Daftari la kwanza ndilo jepesi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usisubiri kuulizwa. Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, iandikie manispaa ukitaja kiwanja, idadi na aina ya mizinga, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo si kibali, lakini inaonyesha kwamba hukujificha. Afisa nyuki akija kukagua, mwombe ushauri wake auandike.

Kwa nini serikali imjue mfugaji wa mizinga mitano? Kwingineko sababu kubwa ni magonjwa. Utitiri aina ya Varroa, ambao umeangamiza makundi ya nyuki sehemu nyingi za dunia, uliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wetu wamestahimili vizuri kuliko wa Ulaya. Hata hivyo, hakuna anayeweza kufuatilia ugonjwa kama hajui mizinga iko wapi. Sababu ya pili ni soko: wanunuzi wa Ulaya wanataka asali inayoweza kufuatiliwa hadi ilikotoka, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza huko kwa sharti la kupima mabaki ya dawa. Kwa mjini naongeza sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito: dawa za kuulia wadudu. Mtu anayepulizia mchicha bondeni au miembe uani hawezi kumwonya mfugaji ambaye hajulikani yuko wapi.

Namna ya kusajili ina uzito kuliko usajili wenyewe. New York ilikuwa na marufuku ya kufuga nyuki hadi 2010. Ilipoiondoa, ilimtaka mfugaji aiarifu idara ya afya ya jiji. Kenya ilijaribu njia nyingine. Muswada wa Mifugo wa 2021 ulipendekeza kwamba asiyesajiliwa asifuge nyuki kwa biashara, na adhabu yake iwe faini ya hadi shilingi 500,000 za huko au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Wakenya walipaza sauti na muswada ule haukupita. Walikuwa na haki. Mama mwenye mizinga mitatu Kitui au Kisarawe akiambiwa achague kati ya jela na ofisi asiyoijua, ataacha kufuga au atajificha, na vyote viwili vinaharibu daftari lenyewe.

Hata hivyo, New York nayo hatuwezi kuiiga neno kwa neno. Nyuki wao ni wa asili ya Ulaya, waliochaguliwa kwa upole kizazi baada ya kizazi. Nyuki wa pwani yetu ni Apis mellifera litorea, jamii iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1961 na F. G. Smith, aliyekuwa ofisa wa nyuki hapa Tanganyika. Nyuki wa Afrika Mashariki kwa jumla ni wepesi kuhama na wepesi kujihami. Wakisikia kishindo au harufu ya mmoja wao aliyechoma, hutoka kwa wingi. Mtu anayewafahamu hurina asali yao jioni au usiku, akiwa na bomba la moshi na mavazi kamili.

Ndiyo maana maelekezo ya ugani huweka manzuki mbali na makazi, barabara na shule. Mita 200 au 300 ndizo zinazotajwa mara nyingi. Zitazame mita hizo kwa jicho la mtu wa Bunju. Kiwanja cha mita za mraba 600 kina upande wa mita 20 na wa mita 30. Duara la mita 200 kuzunguka mzinga mmoja ni zaidi ya hekta 12. Hilo ni eneo la viwanja zaidi ya mia moja, hata ukishatoa barabara. Kipimo hicho kikifuatwa kama kilivyo, hakuna mzinga wa nyuki wakali unaoweza kuwekwa kihalali katika sehemu kubwa ya Kinondoni na Temeke ya leo. Kisipofuatwa, kila mfugaji wa humo yuko kwenye makosa na anategemea huruma ya jirani.

Na jirani ana nguvu kisheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inaruhusu mamlaka kushughulikia kero. Zaidi ya hapo, mahakama zetu zinatumia misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na katika misingi hiyo nyuki ana nafasi yake. Ni mnyama wa porini anayekuwa mali ya mtu pale anapoingizwa mzingani. Kuwafuga si kosa, lakini kuwafuga kwa namna isiyo ya busara kunazaa fidia. Kesi inayotajwa sana ni ya Ireland, O'Gorman dhidi ya O'Gorman, ya 1903: mfugaji aliweka nyuki wengi kupita kiasi karibu na mpaka, akawavuruga wakati jirani yuko na farasi wake, na mahakama ikaamua kwamba anawajibika kulipa fidia. Hukumu ile haifungi mahakama ya Kinondoni, ila hoja zake ndizo wakili wa jirani yako atakazoanza nazo: idadi, umbali kutoka mpakani, muda uliochagua kufungua mzinga.

Kesi nyingine, Kearry dhidi ya Pattinson ya 1939 huko Uingereza, inahusu kundi linalohama. Mahakama ilisema mwenye nyuki hana haki ya kuingia kwenye ardhi ya mtu mwingine kulifuata kundi lake. Likitua huko, likawa halifikiki kihalali, limerudi kuwa la porini. Kwa hapa kwetu, ambako makundi huhama kila msimu, funzo lake ni la moja kwa moja. Kundi likikutoka likaingia darini kwa jirani, bisha hodi kwanza. Na jirani asimwage mafuta ya taa wala kuwasha moto. Apige simu Zimamoto, 114, au amwite mfugaji mwenye vifaa.

Kutokana na haya yote naamini, na najua wafugaji wengine hawatapenda, kwamba kiwanja cha kawaida cha makazi si mahali pa nyuki wakali. Mwenye ekari mbili pembezoni kabisa, zenye ukuta au ua mrefu wa mimea unaowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu, ana hoja. Mwenye mita 600 hana. Huyu ana nafasi mbili nzuri. Moja ni nyuki wadogo wasiouma, ambao hukaa kwenye vijumba vidogo vya mbao chini ya paa la baraza, wakatoa asali kidogo inayonunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Nyingine ni kupeleka mizinga yake ya nyuki wakubwa kwenye misitu iliyo mwendo wa daladala kutoka mjini: Pugu Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, Vikindu upande wa Mkuranga, au mikoko ya Mbweni, Kunduchi na Kijichi. Mikoko yote ya Bara ni hifadhi, kwa hiyo hapo hakuna njia ya mkato. Ni TFS kwanza. Mizinga ndani ya mikoko ina faida nyingine: mwenye mizinga yupo, na anayekuja na panga la kukata nguzo anajua kuna mtu anayeangalia.

Kuhusu biashara nitasema kwa ufupi, kwa kuwa njia yake inajulikana: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, na kwa jengo na bidhaa, Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 limechukua kazi ya chakula iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO kwanza. Barua yao humfungulia njia ya kupata alama ya ubora kwa unafuu. Anayeuza nje anaongeza kibali cha mazao ya nyuki na cheti cha mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki. Kinachowaangusha wengi wa Dar ni maji kuliko makaratasi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Hewa ya pwani ni nzito, na asali hunyonya unyevu ikiachwa wazi. Anayerina masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta, kisha akayaacha kwenye ndoo isiyo na kifuniko, ameshashindwa kipimo kabla ya kufika maabara.

Kilichobaki ni kazi ya madiwani. Manispaa za Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizozaliwa kutoka kwao, zinahitaji sheria ndogo ya nyuki, hata ya kurasa mbili. Imtake mfugaji atoe taarifa kwa mtaa na kwa afisa nyuki, bila ada. Ifunge idadi ya mizinga ya nyuki wakali na ukubwa wa ardhi, ikitaja umbali kutoka mpakani, ukuta, chombo cha maji ili nyuki wasikimbilie bomba la jirani, na wajibu wa kuwaarifu majirani kabla ya kurina. Iwaache huru nyuki wadogo wasiouma. Impe mwenyekiti wa mtaa nafasi ya kusikiliza malalamiko kabla ya kufika polisi au mahakamani. Na imlazimishe anayepulizia dawa kwenye bustani za mabondeni kutoa taarifa siku moja kabla.

Sheria ndogo ya manispaa huandaliwa rasimu, ikatangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi, ikapitishwa na baraza, kisha ikapelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mfugaji wa Mabwepande au Chamazi anaweza kuianzisha safari hiyo kwenye mkutano wa mtaa wake, kwa kuomba jambo hili liandikwe kwenye muhtasari unaokwenda kwa kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani wake ndiye mwenyekiti.